Mwaka Shangazi Alipobaki Kisiwani

Tulimzika Shangazi Veneranda kule Rubafu mwezi uliopita, kwenye kibanja cha migomba cha marehemu mumewe, na mvua ikatunyeshea tangu sala ya kwanza hadi sahani za mwisho. Wadogo zangu wote watatu walikuja. Baada ya maziko tulijibana barazani, sisi na watoto wetu na wajukuu, tukila ndizi na maharage ya msibani, ambayo chumvi yake siku zote ni ya mtu aliyekuwa akiwaza mambo mengine. Umeme ulikuwa umekatika na simu za watoto zilikuwa zimeisha chaji. Ndipo binti wa mwisho wa mdogo wangu Editha, mtoto wa miaka kumi hivi aliyekulia Mwanza, aliponisogelea akasema, "Mama Mkubwa, mama anasema mlikuwa na mchezo wa kujifanya watu wengine, na mliucheza miaka mingi bila kuumaliza. Ni kweli?" Nikamwambia ni kweli. "Mshindi alipatikanaje?" Nikamwambia hakukuwa na mshindi. Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa bibi aliyesahau alichoulizwa. "Sasa mlikuwa mnacheza nini?" Nilifungua mdomo nimweleze, nikamwona Editha ng'ambo ya baraza ameacha kula, ananisikiliza. Swali hilo hilo aliniuliza yeye, akiwa na umri huo huo, mwaka aliokufa mama. Nilimwahidi mtoto kwamba akija kwangu Nyanga likizo nitamwonyesha. Tangu nirudi nyumbani nimekuwa nikitafuta namna ya kuanza, na kila ninapoanza najikuta katika sebule ile, mwaka ule, na Shangazi ndiye aliyekaa mbele yangu.

Mchezo tuliuita Njia. Ulizaliwa wakati wa vita vya Kagera, tulipokuwa tumekimbilia upande wa Muleba. Watu wazima walikuwa wamejazana kwenye redio na sisi watoto tulitakiwa tusisikike, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kuchapa, alitafuta namna nyingine ya kutunyamazisha. Alitukalisha chini ya migomba akatueleza kwa kunong'ona kwamba maadui wameiba ngoma ya mfalme na kuificha katika kisiwa cha mwisho cha ziwa, na kwamba itarudishwa na watu wanaoweza kutembea bila kelele. Kila mmoja akachagua mtu wake. Mtu alikuwa na kazi moja anayoiweza, kitu kimoja anachobeba na kitu kimoja anachokiogopa, basi. Baba mwenyewe hakuwa na mtu. Yeye alikuwa mshika njia: alitueleza mbele kuna nini, nasi tulimjibu watu wetu wanafanya nini. Jambo likiwa gumu, kuvuka mto au kumdanganya askari, tulirusha punje tano za kahawa. Punje ya kahawa ina upande bapa na upande wa mgongo. Bapa zikizidi, umefaulu. Migongo ikizidi, shida imekupata, na mshika njia ndiye anayesema ni shida gani. Vita vikaisha, tukarudi Nyanga, lakini mchezo haukuisha. Baba alichora ziwa na visiwa vyake kwa mkaa juu ya meza ya sebuleni, na kila mkaa ulipofutika alichora upya, kwa hiyo visiwa vilihamahama kidogo kila mwaka. Mtu wangu alikuwa ganda la konokono. Mtu wa mdogo wangu Projest alikuwa kizibo cha soda. Mama alijiunga baadaye, Jumapili baada ya ibada, na mtu wake alikuwa kifungo cha buluu: mwanamke mfinyanzi, amebeba chungu, anaogopa maji. Baba alimcheka. "Mke wangu, tunakwenda visiwani, nawe unachagua mtu anayeogopa maji?" Mama akasema, "Ndiyo maana nitakuwa mwangalifu kuliko nyinyi wote."

Baba alikufa kwanza. Watu walisema ni Juliana. Hilo lilikuwa jina la kitambaa kilichopendwa sana siku zile, na ugonjwa ukapewa jina hilo kwa sababu ulikuja na biashara kutoka ng'ambo ya mpaka, kama kitambaa chenyewe. Mimi nikawa mshika njia. Nilipokuwa kidato cha pili mama naye alianza kupungua, nikaacha shule ili nimuuguze, na nafasi yangu ya kukaa ikawa kiti kidogo kati ya mlango wa chumba chake na meza. Siku ya mwisho aliyocheza, mimi na Projest tuliisogeza meza hadi mlangoni ili aione akiwa amelala. Mtumbwi wetu ulikuwa umefika kisiwa cha nne. Mama alitaka kushuka. Alirusha punje, zote tano zikalala kwa migongo. Sikuwa tayari kumfanyia jambo kubwa, nikasema ameteleza kwenye jiwe na mguu umevunjika. Mama akafikiri. Akasema, "Basi niacheni hapa nipumzike. Mtanipitia mkirudi." Tukamwachia chungu cha maji na moto, tukapiga makasia kuelekea kisiwa kinachofuata. Hakucheza tena. Alipokufa, kifungo kilikuwa bado kwenye kisiwa cha nne, pale pale alipokiweka kwa kidole chake.

Kwa hiyo msiba wa mama ulitukuta sisi wanne: mimi niliyekaribia miaka kumi na saba, Projest mwenye kumi na minne, Editha, na Kamugisha, ambaye alikuwa na miaka sita na vidonda miguuni ambavyo kila mgeni alivitazama kabla hajamtazama usoni. Nyumba ilitandikwa nyasi mpya kwa ajili ya waombolezaji. Ndugu wakaja, ndugu wakaondoka, wakabaki wawili wa kumaliza matanga: Shangazi Veneranda, dada yake baba, mjane, Mlutheri wa kuamka na wimbo, na Baba Mdogo Laurian, mfanyabiashara wa samaki katika visiwa vya Muleba, ambaye hata akioga alinukia moshi wa kukaushia sangara. Shangazi hakumpenda mama. Aliamini, na alisema, kwamba mama ndiye aliyemletea kaka yake kifo. Siku za matanga kwetu hakuna jembe linalogusa ardhi, na mvua ilikuwa hainyamazi, kwa hiyo watu wazima hawakuwa na la kufanya isipokuwa kukaa kwenye nyasi, kutafuna kahawa na kupanga maisha ya watu. Kuta za ndani za nyumba ile hazikufika darini. Neno lililosemwa chumbani lilipanda, likavuka, likashukia sebuleni.

Nilikuwa nachambua maharage nilipomsikia Baba Mdogo akisema, "Projest nitamchukua mimi. Kisiwani kazi haiishi. Editha ni wako wewe, dada, Rubafu unakaa peke yako. Adela ataolewa, yupo mtu ameshauliza."

"Na yule mdogo?" Shangazi akauliza.

Nikasikia kahawa ikitafunwa. "Kuna binamu yetu kule mjini, Hamugembe, anaweza kumweka kwa muda. Wewe si umeona miguu yake? Tuone kwanza."

"Tuone kwanza" nililielewa vizuri. Lilimaanisha tungoje afe. Nilielewa pia kwamba siku ya kumaliza matanga wazee wa ukoo wangekaa, Baba Mdogo angesema aliyoyasema, na Shangazi angeulizwa. Katika ukoo wetu, shangazi wa watoto akikataa jambo lao mbele ya kikao, hakuna mwanamume anayempita. Lakini kwa nini akatae? Binti wa kaka yake, mtulivu, anayejua kupika, alikuwa anapewa bure. Kuanzia saa ile sikuwa na wazo jingine kichwani. Nilikoroga uji nikiwaza mitumbwi inayokwenda pande tofauti: Projest kusini, Editha kaskazini, Kamugisha mjini.

Editha ndiye aliyetaka mchezo. Yeye na Kamugisha walikuwa hawajawahi kucheza. Walikuwa wameruhusiwa kutazama tu, kwa sababu baba alisema Njia inahitaji mtu anayeweza kukaa kimya. "Dada, tufundishe," akasema, "wakubwa wanatuangalia kama kuku wa kuuzwa." Nikampa ganda langu la konokono, kwa kuwa mshika njia hana mtu. Akamgeuza mtu wangu jasiri akawa mwizi wa mayai anayeogopa majogoo. Kamugisha akachukua punje ya kahawa akasema mtu wake ni mbwa. Projest akakasirika. "Mtu hawezi kuwa mbwa." "Huyu anasema," akajibu Kamugisha. "Mbwa anasema nini?" "Anasema, Projest nyamaza." Nikamruhusu mbwa. Hilo lilikuwa badiliko la kwanza. La pili lilikuwa gumu zaidi. Nilianza kuwaeleza habari ya ngoma, jinsi ilivyoibwa, watu walivyolala kichakani bila kuwasha moto, na Projest akawa anaitikia kwa kichwa kama mzee, maana aliyakumbuka. Editha alisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Ngoma ina faida gani?" Yeye na Kamugisha hawakuvijua vita. Hawakuwa na kitu kilichoibwa na askari. Ndipo aliponiuliza mshindi anapatikanaje, na sasa tunacheza nini, na kabla sijajibu Kamugisha aliweka kidole karibu na kifungo cha buluu bila kukigusa, akasema, "Huyu mbona ameachwa?"

Tukaiacha ngoma siku ile. Mpaka leo iko kisiwa cha mwisho. Safari ikawa ni kurudi kumchukua Mae, jina tunalomwita mama kwa Kihaya. Lakini Projest, ambaye alipenda sheria kuliko chakula, akasema haiwezekani. "Mtu wa marehemu hasogezwi mpaka apatikane mrithi." Alikuwa ameona baba anavyorithiwa: mkuki na kigoda havikuguswa mpaka ukoo ulipomkalisha mrithi, na akishavishika kwa mkono wake, mambo ya marehemu yanakuwa yake, madeni na heshima vyote. Kwa hiyo ni lazima mtu awe Mae. Mimi nilikuwa mshika njia. Projest alisema yeye ni mwanamume. Editha akasema, "Mimi sitaki mtu aliyekufa. Nikimshika nitaumwa." Hakuna aliyemcheka. Kila mmoja wetu alikuwa amemwosha mama, na kila mmoja alikuwa akijikagua mikono kwa siri. Tukacheza siku kadhaa tukikizunguka kisiwa cha nne bila kutua. Mvua ilinyesha, mbwa aliongea, mwizi aliiba mayai, na kifungo kilikaa pale kikitutazama kwa matundu yake.

Kisha ikaja ile asubuhi ya wageni kutoka kanisani. Shangazi aliingia sebuleni na kitambaa chenye maji, akaitazama meza iliyojaa mkaa, akasema, "Hii ndiyo meza ya kuwekea watu chakula?" Kabla sijainuka akakiokota kifungo cha buluu, akakifumbata mkononi, akaanza kufuta ziwa.

"Amemshika," Projest akasema kwa sauti ya chini.

"Shangazi amekuwa Mae!" Kamugisha akapiga kelele.

Shangazi akageuka. "Nimekuwa nani?"

"Mrithi wake," Projest akasema. Alikuwa amesimama wima kama yuko barazani kwa wazee. "Umemshika kwa mkono wako, shangazi, na sote tumeona."

"Mrithi wa yule mwanamke? Mimi?" Akakitupa kifungo mezani kama kimemchoma. "Nilikuwa nafuta meza, wewe mtoto!"

"Mtu akishaushika mkuki wa marehemu hasemi alikuwa anaupangusa vumbi."

Nilidhani angempiga kofi. Alimtazama Projest, akamtazama Kamugisha aliyekuwa amemshika pindo la khanga, akaniuliza mimi, "Adela, watoto hawa wanaongea nini?" Nikamweleza. Nilimweleza yote, vita, ngoma, kisiwa, mguu. Alisikiliza akiwa ameshika kitambaa kinachochuruzika maji meusi kwenye nyasi. Mwisho akasema kwamba kurusha punje ni ramli, waganga hurusha hivyo hivyo, na kwamba akiziona tena atazitupa motoni. Halafu akasema, kama mtu anayetaja hitilafu ndogo, "Na mguu ukivunjika haulazwi hivyo chini. Mngemfunga gango, mfupa ushike." Akatoka kwenda kuwapokea wageni.

Jioni ile nilichora visiwa upya. Punje za kahawa niliziondoa. Mahali pake nikachukua nyasi kutoka sakafuni: tatu mkononi mwangu, moja ndefu, ncha zikiwa sawa; ukivuta ndefu umefaulu. Nilifanya hivyo kwa sababu ya Shangazi, na nadhani nilijua atarudi. Alirudi. Hakusema anakuja kucheza. Alikuja kuona kama tumeacha ramli, akakaa kwenye nyasi, akasema, "Nyasi ni nyasi, hazina shetani," na kwa kuwa hakuna jembe na mvua ilikuwa inanyesha, akabaki. Alikuwa mchezaji mbovu mno. Alimwita mtu wake "huyo mama yenu." Alitaka kujua bei ya samaki kisiwani. Alimgombeza mbwa. Lakini alikuwa amezaliwa ufukweni na alijua ziwa, na kila niliposema jambo la mitumbwi alinisahihisha mpaka maji yangu yakaanza kuwa na harufu. Siku moja, bila kuulizwa, alifunga gango mguu wa mwanamke yule kwa magome na kamba za mgomba, akituonyesha hatua kwa hatua juu ya kidole cha Kamugisha. Kamugisha akalala na kidole kile kimefungwa.

Hatimaye mtumbwi wa watoto ulifika kisiwa cha nne. Laiti ningeweza kusema kwamba nilipanga kilichofuata kwa akili. Sikupanga. Baba aliwahi kuniambia kwamba mshika njia hutoa kilicho kichwani mwake, na kichwani mwangu kulikuwa na kitu kimoja tu. Nilisema: "Watoto wametua. Wamekukuta hai. Lakini mtumbwi wao umepasuka. Wavuvi wana mitumbwi mitatu inayoondoka sasa hivi. Mmoja unakwenda kusini, mmoja kaskazini, mmoja mjini, na kila mmoja una nafasi ya mtu mmoja. Wewe na mguu wako huna nafasi. Au mbaki wote hapa, mngoje mtumbwi mkubwa. Hakuna anayejua utakuja lini."

Editha alinikazia macho; alikuwa ameelewa. Chumba cha pili Baba Mdogo alikuwa anakoroma.

"Kisiwa kina chakula?" Shangazi akauliza.

"Samaki wachache."

"Hawa wanajua kuvua?"

"Hawajui."

"Basi wapande."

"Mae, mimi sitaki," Kamugisha akasema.

"Panda wewe mbwa. Huko utakula."

"Tuvute nyasi kwanza, shangazi," Projest akasema, na sauti yake, iliyokuwa imeanza kuwa nzito mwaka ule, ikakatika.

"Hakuna cha kuvuta nyasi. Mama mwenye akili hafi mahali pamoja na watoto wake. Wapande, mmoja mmoja. Wataishi." Alisema kwa upole. Hilo ndilo lililoniumiza: hakuwa mkatili, alikuwa anapiga hesabu ambayo kila nyumba katika Kagera ilikuwa ikiipiga mwaka ule. Kwa sheria yetu alichosema mwenye mtu kilikuwa kimesemwa, na watoto, ambao hawakuwahi kumkatalia Mae alipokuwa hai, hawakumkatalia sasa. Nilisogeza kizibo hadi ukingo wa kusini wa meza. Nilisogeza konokono hadi ukingo wa kaskazini. Punje ya kahawa niliiweka kwenye kona, mjini. Katikati ya ziwa kikabaki kifungo. Kamugisha aliingia chini ya meza na hakutoka mpaka chakula.

Kesho yake watoto hawakuja mezani. Shangazi alikuja. Alikaa, akangoja, akaniuliza, "Na mimi sasa?"

"Wewe uko kisiwani, shangazi."

"Na nani?"

"Hakuna mtu."

"Nafanya nini?"

"Sema wewe. Mimi sijui."

Akafikiri, akasema anakwenda kuchota maji. Nikampa nyasi, akavuta ndefu. Akarudi na maji. "Nani anakunywa?" akauliza, na mara akanyamaza, kwa sababu alikuwa amelijibu swali mwenyewe. Siku iliyofuata alikuja tena. Aliniuliza mama alikuwa akikaa upande gani wa meza, nikamwonyesha, akahamia upande ule. Alipika samaki. Alisema anawasha moto mkubwa ili mitumbwi iuone, akavuta nyasi fupi, mvua ikazima moto. Akawasha tena. Sikumwongoza, nilimweleza tu yaliyokuwepo, na hayakuwa mengi. Wakati mwingine alikaa muda mrefu akitazama kingo za meza, kusini, kaskazini, kona ya mjini, kama kweli kuna umbali. Niligundua pia kwamba akiinuka kutoka kwenye nyasi aliutegemea mguu mmoja na kuuvuta mwingine. Huenda ilikuwa baridi ya mvua. Kamugisha aliona hilo kabla yangu. Alimfuata uani kwa mbali, akimtazama mguu, na siku moja nilimsikia akimuuliza kwa adabu, "Gango limelegea?" Shangazi hakumgombeza. Alisema, "Kidogo, waitu." Hilo ndilo neno letu la heshima, na watu wazima hawalitumii kwa mtoto mwenye vidonda.

Siku ya kumaliza matanga wazee wa ukoo walikaa sebuleni. Meza ilitolewa nje kupisha watu. Sisi wanne tulipangwa ukutani, Kamugisha kwenye mapaja yangu akiwa amefunikwa khanga miguu yake isionekane. Baba Mdogo Laurian alisema vizuri. Alikuwa mtu wa biashara na alijua kuifanya hasara ionekane faida. Projest Muleba. Editha Rubafu. Mimi kwa mume. Mdogo Hamugembe kwa muda. Kibanja yeye mwenyewe angekitunza mpaka wavulana wakue. Wazee waliitikia. Mmoja wao, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, akageuka akauliza, "Shangazi yao anasemaje?"

Shangazi alikuwa amekaa karibu na mlango, miguu ameinyoosha. Hakusimama. "Hawagawiwi," akasema.

Baba Mdogo alicheka, akidhani hakusikia vizuri. "Dada, tulishakubaliana."

"Tulikubaliana. Sasa nakataa."

"Nani atawalisha? Binti huyu? Na huyu mdogo akianza kuumwa?" Akapandisha sauti, kwa sababu watu walikuwa wameanza kusogea. "Wewe mwenyewe, mbele ya watu, ulisema mwanamke yule ndiye aliyemuua ndugu yetu. Leo unanipinga kwa ajili ya watoto wake?"

"Nilisema," Shangazi akajibu. "Nilikuwa sijakaa mahali pake."

"Mahali gani?"

Hakumweleza. Alitazama nyasi zilizokuwa mbele yake, zilizokwisha kukauka na kukanyagwa, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, isiyo ya kugombana wala ya kuomba. "Nimewapakia mimi mwenyewe, Laurian, kila mmoja kwake, nikasema wataishi. Nikabaki. Hakuna kitu kule. Hata mtu wa kumwambia kuwa mvua inakuja, hakuna." Wazee wakatazamana. Hakuna aliyejua anasema habari gani, na nadhani kila mmoja alidhani anazungumzia ujane wake, au watoto wake aliowapoteza zamani, na labda alikuwa anazungumzia hayo pia. Mzee mkubwa akafuta macho kwa kiganja. Akasema shangazi amekataa na jambo limekwisha, ila yeye aliyekataa ndiye atakayekaa nao. "Nitakaa," akasema Shangazi. Baba Mdogo akachukua kofia yake, akaondoka bila kula.

Nimeulizwa na ndugu kwa miaka mingi tulimpa nini shangazi yule akabadilika. Hatukumpa kitu. Hakuwa mwanamke mwingine baada ya siku ile: alitugombeza, alimsema Projest mpaka Projest akatorokea Muleba kwa hiari yake wiki nzima na kurudi na samaki, alinifukuzia wachumba wawili ambao huenda wangenifaa. Kamugisha hakufa. Leo ana upara na karakana ya injini za boti, na miguu yake haina alama. Mchezo tuliendelea nao, lakini nani alimchukua nani kutoka kisiwa cha nne sitaliandika hapa. Hilo namwekea yule mtoto wa Mwanza, na huenda akalibadilisha, maana ni haki yake.

Ninachokumbuka zaidi ni jioni ile ya kikao. Wazee walikuwa wameondoka, nyasi za matanga tumezikusanya na kuzitoa nje, na sakafu ilikuwa tupu na baridi. Shangazi alichukua kifurushi chake kutoka pembe ya wageni, akakipeleka chumbani kwa mama, chumba ambamo hakuna aliyelala tangu mama alipokufa, akajilaza kabla giza halijaingia. Kamugisha alinivuta khanga. Akaniuliza kwa kunong'ona, "Mae amerudi?" Nilimwambia aende akamuulize mwenyewe. Akaenda, akasimama mlangoni kidogo, akaingia. Sikusikia alichouliza wala alichojibiwa. Nilisikia kitanda tu kikilia, kama kinavyolia mtu anaposogea ukutani kumpisha mwingine.